Nyuma ya Picha ya Kiongozi

Chama kilipoanza kilifagia soko na kurudisha taa za barabarani, watu wakasema afadhali. Kisha kikaanza kufagia watu. Majirani zetu wa lugha ile nyingine walinyang'anywa vibanda, watoto wao wakatolewa shule, halafu wakakatazwa kukanyaga nyumba zetu.

Mmoja wao, jirani wa ukuta mmoja nasi, ni mama wa mkaza mwanangu, mshona mapazia. Mjukuu wetu, tuliyeachiwa na wazazi wake walio kazini ng'ambo, alikuwa bado mchanga. Nikamwambia mume wangu, "Wewe si mwashi? Toboa."

Akatoboa sebuleni, tundu la mtu kupita kwa kuinama. Tukalifunika kwa picha ya Kiongozi, ambayo kila nyumba ililazimishwa kuwa nayo. Ikishatundikwa, kuigusa bila kibali ni kosa.

Malori yalipokuja kuwachukua majirani hao, mkwe huyo mshona mapazia alikuwa kwetu akimwogesha mtoto. Askari wakakuta nyumba yake tupu, wakapigilia mlango misumari. Tangu hapo analala kule, anakula huku.

Jana asubuhi akaja mkaguzi wa Chama. Hata hajakaa vizuri, Kiongozi akakohoa.

"Nani huyo?"

"Panya," mume wangu akasema.

"Panya anakohoa?"

"Mafua hayachagui, mzee."

Mkaguzi akainuka, akanyoosha mkono kwenye fremu. Mdomo wangu haujawahi kuningoja.

"Kibali unacho, baba? Mwenye duka la viatu alifungwa kwa kumpangusa vumbi tu."

Mkono ukarudi mfukoni. Akaikodolea picha macho, akitafuta la kusema asitoke kapa.

"Hii ndogo. Mtaletewa ya kutoka sakafuni hadi darini, pamoja na kibali chake. Mtaitundika wenyewe."

"Tunashukuru," nikasema, na nilimaanisha.

Alipoondoka, mkwe akachungulia pembeni mwa fremu. "Mnisamehe. Ni vumbi la huyu fundi wenu."

"Vumbi langu?" mume wangu akasema. "Ulipaliwa. Kunywa chai taratibu, mama, hakuna anayekunyang'anya."

Picha ikaletwa mchana. Mume wangu alipanua tundu huku akiimba, na jioni kitanda cha mtoto kikapita bila kukwaruza ukuta. Sasa mkwe amekalia kiti changu kizuri, mjukuu kifuani, ananieleza kwamba nepi sijui kufunga.

Nimemwacha aseme. Mtoto kalala.