Namba Aliyoiandika Delmar Kiooni

Delmar Stamper alikuwa na miaka hamsini na mbili, fundi umeme wa hospitali, na kulikuwa na jambo moja alilokuwa akilificha kama watu wanavyoficha soksi iliyotoboka: hakujua kuendesha gari la gia za mkono. Gari lake lilikuwa jekundu, la milango miwili, na injini ya V8 ya kisasa iliyounguruma mpaka majirani wakafunga madirisha. Lakini lilibadilisha gia lenyewe. Mtu yeyote angemwambia hilo si kosa, maana magari ya siku hizi karibu yote yako hivyo. Yeye alilihesabu kuwa kosa, na sababu ilikuwa kirungu cha gia, kile kichwa cha mti wa gia ambacho dereva hukishika kwa kiganja.

Kirungu chenyewe kilikuwa cheupe, kimekwaruzika, ukubwa wake kama yai la bata. Kilitoka kwenye gari la marehemu baba yao. Baba ndiye aliyemfundisha Verna, dada yake Delmar, kuendesha gari, mkono wake mzito ukiwa juu ya mkono wa binti, na mkono wa binti juu ya kirungu. Delmar alikaa kiti cha nyuma akitafuna karanga na kusubiri akue, zamu yake ifike. Baba akafariki kabla zamu haijafika. Gari likauzwa, na asubuhi mnunuzi alipokuwa njiani, Verna alikifungua kirungu akakitia mfukoni.

Walipokuwa watu wazima wakaanza kukigombania. Kila Jumamosi ya mwisho ya msimu walishindana kwenye uwanja wa resi nje ya mji, na mshindi alikaa nacho mpaka mwaka unaofuata. Verna, dereva wa basi la shule, alikuja na pikapu kuukuu ya gia za mkono ambayo ikipanda kilima unaweza kushuka ukatembea pembeni yake. Asiyejua angesema huo ni uonevu, pikapu kushindana na V8. Ila pale kwao Ohio, Marekani, kwenye resi za Jumamosi, hashindi mwenye gari kali. Kila dereva anaandika kiooni, kwa rangi nyeupe ya viatu, sekunde ambazo gari lake litatumia kufika mwisho wa njia. Mwenye gari la polepole anaruhusiwa kutangulia kwa tofauti ya namba hizo mbili. Wa kwanza kufika ndiye mshindi, isipokuwa kama amekwenda kasi kuliko alivyoandika. Hapo ameshindwa, hata kama mwenzake bado anajikongoja nyuma.

Kwa hiyo anayeshinda ni yule anayelijua gari lake, na Verna alilijua la kwake kama anavyojua jikoni kwake gizani. Miaka mitatu mfululizo kirungu kilikuwa kwake.

Mwaka huo mambo yalibadilika. Mume wa Verna alikuwa na mapafu mabovu, daktari akashauri hewa kavu, nao wakaamua kuhamia Arizona kabla ya baridi. Verna alimpigia simu mdogo wake akamweleza bila kuzunguka kwamba hiyo ndiyo resi yao ya mwisho, na atakayeshinda anakaa na kirungu moja kwa moja. Delmar alisema sawa. Akakata simu, akabaki amesimama gereji akilitazama gari lake, na roho ikamuuma.

Kesho yake akaenda kwa Corwin Batts, mtu anayetyuni injini karakana nyuma ya kiwanda cha matofali. Delmar alitaka kitu kimoja tu: kompyuta ya injini ichezewe. Hakutaka supachaja ya kuisukumia injini hewa wala ekzosi mpya, na wala boneti isifunguliwe. Corwin alikuwa anakula tambi zilizomwagiwa rojo ya nyama na jibini, na hakuacha kula.

"Wewe gari lako halina tabo, halina supachaja," alisema. "Kiwandani walishakamua karibu kila kitu. Nikikutyunia kompyuta peke yake, utapata nguvu ya farasi wachache tu, tena kwa mafuta ya bei juu. Na kompyuta haisahau. Mafundi wa kampuni wakiichomeka siku gari limeharibika, wataona mkono wa mtu, na waranti ya kutengenezewa bure kwaheri."

"Kwa hiyo haina maana?"

"Sijasema haina maana. Pedali itakuwa kali, gia zitabadilika kwa haraka. Utatoka hapa unacheka peke yako. Ukiniuliza kama inafaa kwa kutembelea, inafaa. Ukiniuliza kwa resi ya dada yako, bosi, ningeliacha gari lilivyo. Unalijua hivi lilivyo."

Ushauri ulikuwa mzuri na Delmar aliusikia vizuri. Kisha akamwambia Corwin aendelee.

Gari likafungwa juu ya mashine ya magurudumu, likakimbia palepale lilipo kabla na baada ya kutyuniwa, na mistari miwili ya nguvu ya injini ikachorwa kwenye skrini. Ilikaribiana mno hata Delmar akavaa miwani. Corwin akamrudishia ufunguo. Ilikuwa barabarani ndipo Delmar alipojua amenunua nini. Alipogusa tu mafuta, gari liliruka kama limechomwa sindano. Taa ya kwanza alicheka. Taa ya pili alicheka tena, na mama mmoja kwenye gari la pembeni akapandisha kioo.

Ukweli, ambao fundi kama yeye alipaswa kuujua, ni kwamba gari halikuwa limeongezeka sana. Lilikuwa linatoa mapema kile ambacho zamani lilikitoa taratibu. Mguu ulidanganywa, na mguu ukapenda kudanganywa.

Jumamosi walifika uwanjani mchana, jua kali. Delmar alipiga raundi tatu za majaribio na zote zilimtia wasiwasi. Zamani gari lake lilikuwa la sekunde kumi na mbili na nusu, ukiliamsha usingizini litakuambia kumi na mbili na nusu. Sasa pedali ilikuwa kali mno. Tairi za nyuma ziliteleza kwenye lami ya moto, raundi moja ikawa ya polepole, nyingine polepole zaidi, ya tatu ikakaribia ile namba ya zamani. Verna alikuja akaegemea mlango wake.

"Nasikia umelipeleka kwa Corwin."

"Nani kakwambia?"

"Gari lenyewe. Limekuwa kama mtoto aliyekula pipi nyingi." Akalizunguka, akarudi. "Mdogo wangu, unajua leo litakwenda namba gani?"

"Najua, dada. Wewe kajiandae kula vumbi."

Hakujua. Alichukua chupa ya rangi ya viatu akaandika kumi na mbili na nusu, namba ya gari ambalo hakuwa nalo tena.

Zamu yao ilifika jua likiwa limeshuka nyuma ya mashamba ya mahindi na lami imepoa. Kirungu alikishika mzee wa kupanga magari kwenye mstari wa kuanzia, mfukoni mwa koti lake, kama kila mwaka. Pikapu ya Verna iliondoka kwanza, ikatambaa na moshi wake. Delmar alihesabu moyoni, taa ikawaka kijani, akakanyaga.

Safari hii tairi hazikuteleza hata kidogo. Lami iliyopoa ilizishika, na gari likamsukuma kwenye kiti mpaka kisogo kikagonga. Gia ikabadilika kabla hajaisubiri. Alijua palepale kwamba anakwenda kasi kupita kiasi. Pikapu aliifikia mapema mno, njia bado ndefu mbele, na kila anayeshindana pale anajua la kufanya: unaachia mafuta, unagusa breki, unapita mstari pua moja mbele ya mwenzako, na namba yako inabaki salama. Delmar alijua. Alikuwa na muda wa kutosha wa kuachia. Mguu ukakataa, na ukweli ni kwamba hakuulazimisha. Aliipita pikapu kama imeegeshwa, akavuka mstari peke yake, na hakuhitaji kutazama ubao wa namba.

Aliutazama hata hivyo. Kumi na mbili nukta tatu. Gari lake halijawahi kwenda kasi hivyo, na kwa kasi hiyo alikuwa ameshindwa.

Verna alimkuta kwenye maegesho amekaa, milango wazi, mikono bado juu ya usukani.

"Uliniona nilipokuwa," alisema.

"Nilikuona."

"Na mafuta hukuachia."

"Sikuachia, dada. Nilijua napoteza, na bado ilikuwa tamu."

Verna hakumcheka. Mzee wa kupanga magari alimletea kirungu, akakipokea, akaenda kwenye pikapu yake akakifunga juu ya mti wa gia. Delmar alimtazama akikizungusha mpaka kikakaza, na alitaka kulia kama mtoto wa kiti cha nyuma. Wiki mbili baadaye kingekuwa Arizona.

"Njoo," Verna aliita, akamwona anaelekea mlango wa abiria. "Sio upande huo. Kaa kwenye usukani."

"Dada, mimi sijui..."

"Najua hujui. Nimejua miaka yote. Ulidhani kwa nini miaka ya mwanzo nilikuwa nakuacha ushinde mara mojamoja, ukae nacho na wewe? Ingia, unanipeleka nyumbani. Lako liache hapa mpaka kesho."

Aliingia. Verna alikaa pembeni yake, akaweka mkono juu ya mkono wake juu ya kirungu, akaubana. Vidole vyake vilikuwa vizito kuliko alivyotarajia. Delmar alikanyaga klachi, akaiachia haraka, pikapu ikaruka ikazimika. Watu waliokuwa kwenye uzio walipiga makofi ya dhihaka. Ikazimika tena.

"Taratibu," Verna alisema. "Baba alikuwa ananibana mpaka vidole vinauma, na wewe nitakubana hivyohivyo." Akasubiri awashe. "Hiyo tyuning imekusaidia?"

Delmar alifikiria kwa haki. "Farasi, wachache. Pedali, sana. Kwa kirungu, imenimaliza."

"Basi acha kuongea. Klachi yote chini."

Safari ya tatu injini ilitetemeka, ikashika, pikapu ikasogea. Walitoka getini polepole wakalipita gari jekundu, namba nyeupe bado iko kiooni.

"Gia ya pili," Verna alisema, akausukuma mkono wa mdogo wake chini.