Kivuli cha Kiti Namba Kumi na Saba

Asubuhi hiyo Eudosia Tolaba alikuwa jikoni mwa Bunge la jimbo, anapanga vikombe ishirini na tisa kwenye sinia mbili, kimoja kwa kila mbunge. Kahawa kwa wengi, na mate, ile chai chungu ya majani ya kule, kwa wale wanaotoka milimani. Halafu akaongeza kikombe cha thelathini, cha mate, bila sukari. Hicho kilikuwa cha kivuli.

Kivuli kilikuwa na wiki tatu sasa kwenye kiti namba kumi na saba. Mwenyewe ni Mheshimiwa Nicéforo Liendro. Siku aliyotangaza kwamba anahama upinzani ili kuunga mkono juhudi za gavana, alinyanyuka, akachukua mkoba wake, miwani yake na kalenda yake ndogo ya Bikira Maria, akavuka zulia, akakaa kiti namba nne, upande wa serikali. Wenzake wapya wakampigia makofi. Kivuli hakikunyanyuka. Kilibaki pale pale, kimeegemeza kiwiko, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa kinyozi.

Mwanzoni walidhani ni taa. Fundi akaja, akazima taa zote, akafunga na mapazia. Kivuli kikaonekana vizuri zaidi. Fundi akaandika kwenye fomu kwamba umeme hauna tatizo, akaomba asainiwe, akaondoka.

Katibu wa Bunge, Don Ausberto, mtu wa kanuni tangu ujana wake, aliisoma ile barua ya kuhama mara mbili. Akasema barua imesainiwa na mwili, na kanuni hazisemi popote kwamba mwili unaweza kukisainia kivuli. Basi kikae hadi kamati iamue. Kamati haikukutana, kwa sababu nusu ya wajumbe wake nao walikuwa wanafikiria kuhama.

Agizo la jikoni lilikuwa moja tu: kiti chenye mtu kipate kikombe. Eudosia akauliza kama na kile kimo. Akaambiwa apeleke tu, asilete maswali. Siku ya kwanza akapeleka kahawa, haikuguswa. Akakumbuka kwamba Liendro wa zamani alikuwa mtu wa mate isiyo na sukari. Kahawa yenye vijiko vitatu vya sukari aliianza alipohamia kiti namba nne. Akapeleka mate. Aliporudi kukusanya vyombo, kikombe kilikuwa bado kimejaa, ila harufu imeondoka. Alipoonja, yalikuwa maji matupu. Akajua kimekunywa.

Ndani ya jengo lile lote, kitu alichokitaka Eudosia kilikuwa kimoja tu: daraja. Mama yake, Mama Ubaldina, anaishi Molle Chico, ng'ambo ya mto, na figo zake zimechoka. Mara tatu kwa wiki anavushwa kwenda kusafishwa damu zahanati, ndani ya sanduku la mbao lililowahi kuwa la tufaha, linaloning'inia kwenye waya, majirani wakivuta kamba. Kiangazi si neno, unaona mawe tu chini. Lakini mvua za Januari zikianza, mto unapanda.

Wakati wa kampeni Liendro alifika hadi kule. Alikaa kwenye sanduku hilo hilo, akavuka pamoja na Mama Ubaldina, wamebanana kama viazi. Akala mahindi yake ya kusaga, akamimina divai kidogo chini kwa ajili ya Mama Ardhi, kama mtoto wa pale pale. Akampigapiga bega. "Mama, sanduku hili utakuja kufugia kuku." Akampa Eudosia namba yake ya simu, akamwambia aandike saa yoyote.

Wiki ile ya kwanza Eudosia alimfuata kwenye korido, na sinia mkononi.

"Mheshimiwa, kivuli chako umekiacha kule."

"Najua, dada yangu. Kiache tu, kimepazoea."

"Hukihitaji?"

Liendro alifikiri kidogo, kwa uungwana kabisa. "Ukweli nasikia wepesi. Hata viatu haviniumi siku hizi."

Mjini walishazoea. Akipita sokoni saa tatu, jua la asubuhi, bila kivuli, wauza pilipili humwambia, "Liendro, uliuza kwa kilo au kwa mita?" Naye hucheka, hununua pilipili, huenda zake.

Alhamisi hiyo kikao kilikuwa na mambo mawili. La kwanza, sheria ya kumruhusu gavana agombee tena. La pili, daraja la Molle Chico.

Upinzani, watu kumi na wanne, walibaki kwenye korido wanakula empanada, sambusa za kule, ili akidi isitimie. Serikali wanafika kumi na watano, na kumi na watano ndiyo akidi. Lakini mmoja wao alikuwa amelazwa, jiwe la nyongo. Ndani kulikuwa na watu kumi na wanne na kivuli.

Don Ausberto alihesabu. Akavua miwani, akaifuta, akahesabu tena, safari hii akakinyooshea kalamu na kiti namba kumi na saba.

"Kumi na tano. Kikao kianze."

Upinzani wakaingia mbio, wengine midomo bado imejaa. Mmoja wao, mwanamke mrefu kutoka mashamba ya tumbaku, akauliza tangu lini kivuli kinahesabiwa.

"Kina kikombe," alisema Don Ausberto. "Anayehudumiwa yupo."

Watu wote wakamgeukia Eudosia. Alikuwa mlangoni. Alitazama chini, kwenye sinia.

Sheria ya gavana ikapata kura kumi na nne kwa kumi na nne, na Spika, ambaye si mbunge na hupiga kura pale tu zinapolingana, akaongeza yake. Ikapita. Ikaja zamu ya daraja. Wanaotaka daraja wanyooshe mikono. Upinzani wakanyoosha, kumi na wanne. Na pale kiti namba kumi na saba, mkono wa kivuli ukapanda, taratibu, ukapita juu ya kiti, ukalala ukutani hadi karibu na saa.

Liendro alikuwa anaangalia simu yake.

Yule mwanamke wa tumbaku akasema, "Haya, hesabu sasa, mzee. Kumi na tano. Kina kikombe."

Don Ausberto alifungua kanuni, akafunga, akasema bila hasira kwamba kivuli kipo, hilo limeshaamuliwa asubuhi. Ila mkono ule ni wa Mheshimiwa Liendro, na mtu mmoja hapigi kura pande mbili. Wasiotaka daraja wakanyoosha, kumi na wanne, Liendro akiwa wa mwisho. Spika akaongeza yake. Daraja likarudishwa kwenye kamati kwa uchunguzi zaidi.

Saa kumi ukumbi ulikuwa mtupu. Eudosia akaingia na kitambaa na ndoo. Mkono wa kivuli ulikuwa bado uko juu. Akafuta vumbi la kiti, akafuta ukuta, akauzunguka ule mkono ili asiusumbue. Kikombe cha mate kilikuwa mezani, kimejaa, hakina harufu. Alikaa nacho kidogo kabla ya kukimwaga.

Mama yake akapiga simu. Alikuwa amerudi salama kutoka zahanati, alisema. Sanduku liliingia maji njiani, hadi magotini, lakini viatu alivishika juu ya kichwa, vikavu kabisa.

"Na kura je, mwanangu?"

"Bado, mama. Wanahesabu."

"Wasikimbizwe. Kuhesabu kunataka utulivu."

Alipokata simu, katibu alichungulia mlangoni. Wiki ijayo, alisema, wawili wengine wanahama; aandae vikombe thelathini na viwili. Eudosia akaitikia. Halafu akakaa kiti namba kumi na sita, jirani na kivuli, akaitafuta ile namba ya Liendro, akaandika:

"Mheshimiwa, ni Eudosia wa jikoni. Mkono wako bado uko juu. Mama amevuka leo maji yakiwa magotini. Njoo hata uushushe."

Tiki moja. Tiki mbili. Zikawa za bluu.