Mzee Amekunja Uso

Mzee Njau tulimzika hapa Theta siku ya Ijumaa, na Jumatano iliyofuata mjukuu wake akazaliwa. Githinji, mwanawe wa kwanza, akampa mtoto jina la marehemu, kama ilivyo desturi. Hapo hakuna aliyeshangaa. Aliyetushangaza ni Warigia, mjane wa mzee. Alimpokea mtoto kutoka kwa Beth, mke wa Githinji, akamkagua masikio, akasema, "Umerudi haraka. Hata viti vya matanga hatujarudisha."

Sisi majirani tulicheka. Nyanya wengi humwita mjukuu wa namna hiyo "mume wangu", ni utani tu. Lakini Warigia hakuwa anatania. Mtoto akilia mbele ya mgeni, basi mzee hamtaki mgeni huyo. Ndama hakuuzwa, choo kipya hakikuchimbwa, kwa sababu mzee amekunja uso.

Githinji alivumilia hadi ilipofika habari ya shamba. Alitaka nusu ekari ya upande wa barabara iuzwe kwa Mugo, mfanyabiashara wa Ruiru, ajenge nyumba za kupangisha. Hati ilikuwa kwa jina la mamake. Basi Mugo akaja na tai, mkataba na kreti ya soda. Warigia akamkalisha mtoto mapajani mwake.

"Muulize mwenyewe."

Mtoto akamtazama Mugo vizuri, akatapika maziwa juu ya mkataba.

"Umesikia," Warigia akasema.

Githinji akamleta Mchungaji Gichuru. Mchungaji akaeleza kwa upole kwamba roho ikitoka haina njia ya kurudi.

"Sasa Njau yuko wapi?" Warigia akauliza.

"Amelala, mama. Anangoja siku ya mwisho."

"Kwa mazishi ulisema yuko juu anatutazama."

Mchungaji akakohoa. "Yale yalikuwa maneno ya kufariji."

"Na haya ya leo ni ya nini? Ya kuuza?"

Mchungaji akasema chai ni tamu sana, akaongezewa.

Aliyepata dawa ni Beth. Beth hushona sare za shule huko Ruiru, na hana maneno mengi. Jumatatu moja asubuhi alimpelekea Warigia mtoto na begi la nepi.

"Mami, huyu si ni mume wako? Maziwa yako kwa friji, uji uko kwa thamosi. Mimi nitakuwa kwa dada yangu hadi Ijumaa. Haifai niendelee kulea mume wa mtu."

Mtoto alikuwa anaota meno. Siku ya kwanza Warigia alimwimbia. Siku ya pili aliacha kuimba. Siku ya tatu nilienda kuazima jembe, nikamkuta nyuma ya jikoni akimwosha kwa karai, akimsemesha kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake.

"Miaka arobaini na moja, Njau! Uliwahi kuniuliza nataka nini? Ulichukua mbuzi wangu watatu ukanunua redio, ukasema ni yetu sote, na mimi sikuruhusiwa hata kuizima. Mamangu alipougua ulinipa ruhusa ya siku mbili kwenda kumwona, kama mfungwa. Jibu basi! Si umerudi?"

Mtoto akayapiga maji kwa kiganja, akacheka. Vijino viwili vikaonekana.

Warigia akamfuta maji usoni. Kisha akaniona.

"Syombua," akaniambia, "huyu hajui chochote. Njau angekuwa ashanitukana."

Akaanza kulia. Siku ya mazishi hakutoa chozi hata moja, alikuwa anahesabu sahani. Nilimshika mtoto hadi akamaliza.

Jumamosi Mugo akarudi. Safari hii Githinji alikuwa amejipanga. Mtoto ameshiba, amelala vya kutosha, amepewa funguo za gari la mgeni achezee. Akaivuta tai ya Mugo, akacheka hadi mate yakamtoka.

Githinji akaruka. "Mami, umeona? Mzee amekubali!"

Warigia akamtazama mwanawe kwa huruma.

"Githinji, huyo ni mtoto wa miezi saba. Tangu lini mtoto akauza shamba?"

"Lakini ni wewe ulisema..."

"Nilisema. Sasa ninayekataa ni mimi, Warigia. Nataka kupanda viazi hapo. Kama mkataba wako una nafasi, andika hivyo."

Mugo alikunywa soda yake mwenyewe, akaenda. Nasikia alipata shamba kwingine. Githinji alimnunia mamake karibu miezi miwili, akipita pale uani kama mtu wa kusoma mita ya maji, mpaka Beth akamwambia aache utoto, mtoto anatosha mmoja.

Majuzi tukichambua maharagwe nilimuuliza Warigia kama bado anaamini kwamba mtu hufa akarudi.

"Sijui," akasema. "Lakini mimi nikirudi, mtu asiniulize lolote. Mniache kwanza nilale."

Kisha akaniambia nisogeze ungo, nilikuwa nimemkingia jua.