Mwambie Bibi Yako

Hata leo, mtu akikohoa nje ya mlango wake, Klara humkumbuka baba yake kabla hata hajauliza ni nani.

Mwaka ule Malkia wa Waingereza alipovishwa taji, Klara alikuwa mtoto wa kutumwa huku na huko. Baba yake, Makoye, alifanya kazi kwenye almasi kule Mwadui, na akipata likizo alirudi kijijini kwao upande wa Kishapu. Safari hiyo alikuta nyumbani kuna mgeni. Mkewe Bernadina alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na mama yake Bernadina, bibi yake Klara, alikuwa amekuja kumtunza mzazi. Basi hapo ndipo kikohozi kilipoanza.

Kwa Wasukuma wa wakati ule, mama mkwe hakutazamwa usoni. Yeye naye hakumtaja mkwewe kwa jina, wala hawakukaa wawili hao chini ya paa moja. Makoye hakuweza kuvuka ua wa nyumba yake mwenyewe bila kukohoa, ili bibi apate nafasi ya kupotelea nyuma ya jiko. Alikohoa asubuhi akienda kunawa, alikohoa jioni akitoka zizini, mpaka jirani mmoja akamwonea huruma na kumletea mizizi ya kuchemsha, akidhani vumbi la mgodi limemwingia kifuani. Makoye alishukuru, akainywa. Angesema nini?

Klara ndiye aliyebeba maneno yao. "Mwambie bibi yako samaki hawa ni wake." "Mwambie baba yako ahsante, Mungu amzidishie." Bibi yuko upande huu wa ukuta, baba yuko upande ule, kila mmoja kasikia kila kitu, na bado mtoto alilazimika kuzunguka nyumba nzima kupeleka ujumbe uliokwisha kufika. Alinung'unika sana. Leo angetoa chochote azungushwe tena namna ile.

Fahari ya Makoye ilikuwa nyumba yake mpya ya pembe nne, yenye bati. Msonge wa zamani ulikuwa na nguzo katikati. Yeye alisema hayo ni mambo ya kizamani, mtu akiamka gizani anajigonga paji la uso. Bibi, ambaye alilala kwenye msonge wa jikoni, aliitazama nyumba hiyo kwa nje, akamwita Klara.

"Mwambie baba yako nyumba yake ni nzuri. Kisha mwulize, paa limeshikwa na nani?"

Makoye alicheka sana.

Alasiri moja, mvua za mwanzo zikiwa bado zinasuasua, ng'ombe walirudi wenyewe kutoka malishoni, mbio, mikia juu. Magharibi mbingu ilikuwa na rangi ya kutu, na vumbi lilikuja limesimama kama ukuta. Makoye alipandisha mawe juu ya bati, akaziba mlango wa zizi kwa miiba, akaingiza mbuzi. Bibi alizima moto, akafunika mtama, akaswaga kuku. Walifanya kazi katika ua mmoja, huyu akikohoa, yule akizunguka, na hawakukutana hata mara moja. Mwishowe Makoye alichukua kamba ya ngozi ya kufungia maksai, akaifunga kwenye boriti ya paa kwa ndani, kisha akatafuta mahali pa kufunga ncha ya pili. Hapakuwa na mahali. Nguzo aliikataa mwenyewe. Basi akajizungushia kamba mikononi.

Upepo ulipofika, nyumba ilitoa sauti ambayo Klara hajaisikia tena. Mvua ya mawe ilipiga bati mpaka mtu hakujisikia anachosema. Bernadina alijibanza chini ya kitanda na kichanga chake. Klara alichungulia mlangoni, akaona nyasi za jikoni zikinyanyuka fungu kwa fungu, kisha paa lote la msonge likaondoka. Bibi alikuwa amejikunyata ukutani, kajifunika ungo kichwani.

"Mama atakufa!" Bernadina alilia.

"Klara," baba alisema, "mwambie bibi yako nimegeukia ukuta. Aingie."

Klara alikwenda na barafu ikimchapa mgongoni, akarudi analia. "Anasema hawezi. Anasema ndani kuna mkwe."

Makoye alifikiri kidogo, mikono yote miwili ikiwa kwenye kamba. Kisha akaagiza atiwe blanketi lake la mgodini kichwani, mpaka kifuani.

"Mwambie bibi yako mimi sipo. Humu kuna blanketi tu."

Bibi alikuja. Aliingia kinyumenyume, kanga usoni, akasimama kwenye kona ya mbali. Wala hakukaa hapo, kwa sababu upepo uliingia chini ya bati na Makoye akaanza kuinuliwa, visigino kwanza, kisha vidole. Bibi alitupa ungo. Alishika mkia wa kamba, akampa mkwewe mgongo, akavuta. Wakawa hivyo, mgongo kwa mgongo, mmoja ndani ya blanketi na mwingine ndani ya kanga, wakilishika paa la nyumba ya kisasa.

Bati moja liling'oka. Ngozi iliyolowa ilikuwa ikiteleza, damu ilikuwa ikitoka viganjani mwa Makoye, na Klara aliona vidole vyake vinaanza kufunguka. Bibi naye alihisi kamba inalegea. Hakumtafuta Klara.

"Makoye!" alipiga kelele. "Ng'wanone! Mwanangu, usiachie!"

Vidole vilifumba. Havikufunguka tena mpaka upepo ulipopita.

Asubuhi bibi alikuwa amefunga mzigo wake. Alikuwa amemtaja mkwewe kwa jina, mdomo kwa sikio, na aibu hiyo hakujua aiweke wapi. Bernadina alimsihi, hakusikia. Ndipo kikohozi kikasikika nyuma ya nyumba.

"Klara! Mwambie bibi yako upepo wa jana ulikuwa na kelele nyingi. Mimi sikusikia kitu chochote."

Bibi aliuweka mzigo chini. Kisha akaufungua, akakaa mpaka mtoto alipoota meno. Makoye alisimamisha nguzo katikati ya nyumba, na kila alipojigonga paji la uso, hakulalamika.

Miaka mingi baadaye, Klara akiwa na watoto wake, walimzika bibi. Makoye, mvi tupu, alisimama nyuma kabisa kama desturi ilivyotaka. Lakini kamba za kushushia jeneza zilipotandazwa alisogea mbele, uso ameugeuzia pembeni, akashika ncha moja. Hakuna aliyemzuia. Alishusha polepole, mpaka chini, na bado hakuiachia kamba.

Kisha akakohoa.

"Klara," alisema, "mwambie bibi yako siku ile nilisikia."

Klara akainama kaburini, akamwambia.