Bushi za Gari la Mama

Mshonaji alijua gari limechoka siku mama yake alipoanza kushika mpini wa mlango kabla hata hawajafika kwenye mashimo. Mama hakuwa mtu wa kulalamika. Tangu avunjike nyonga alikuwa akipelekwa kliniki kila wiki, na kila gurudumu la mbele lilipogonga, ko, ko, alifumba macho tu na kusema, "Endesha, mwanangu. Mifupa na gari, vyote vya zamani."

Muuza vipuri alilitikisa gurudumu akatoa jibu: bushi zimekwisha. Ile mipira inayozuia chuma kisigonge chuma ilikuwa imelika. Mshonaji akanunua mpya za pande zote mbili, kisha akampigia simu kaka yake, dereva wa lori, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani tangu mama atoke hospitalini.

"Nitakuja Jumamosi," alisema kaka.

"Haya, tutaona," akajibu dada mtu, mshonaji.

Akaja kweli, macho mekundu, ametoka safarini asubuhi ileile. Hata chai aliinywa amesimama. Wakapiga jeki, wakaweka stendi, wakafungua gurudumu. Bolti iliyoshika mkono wa gurudumu, kile chuma chenye bushi, ilikuwa imegandana na kutu, haisikii la mtu. Wakaimwagia mafuta, wakagonga, wakangoja, wakagonga tena. Jua likawafuata mpaka uvunguni. Mgongo wa mshonaji, uliozoea kuinamia cherehani, sasa uliuma kwingine kabisa.

Hatimaye mkono ukachomoka. Bushi kuukuu zilitoka vipandevipande. Zile mpya wakazipaka maji ya sabuni, wakazikandamiza ndani kwa jiliwa, kile chuma cha kubania, taratibu, kaka akizungusha, dada akishikilia. Kaka akaurudisha mkono mahali pake, akaanza kukaza.

"Usikaze bado," alisema mshonaji. "Muuza vipuri kasema tulishushe kwanza, likae kwa uzito wake. Ukikaza gurudumu likining'inia, mpira unajinyonga, halafu unachanika mapema."

"Mimi nimeshika spana wewe hujajua kutambaa."

"Na mimi nimemshika mama." Hakupandisha sauti. "Kumwogesha, kumgeuza, kumpeleka. Wewe unatuma salamu."

Spana ikatulia juu ya kifua cha kaka. Walilala pale chini, wakilitazama tumbo la gari lililojaa matope makavu.

"Naogopa kumwona vile," alisema kaka. "Nikiwa barabarani, namkumbuka akitembea."

"Hata mimi naogopa, kaka. Ila sina pa kukimbilia."

Kaka akavuta pumzi, akailegeza bolti. Walirudisha gurudumu na kulishusha gari juu ya magogo ya mbao, ili mtu apate kupenya. Hapo wakasikia gongo la mama likigonga sakafu, akijikongoja kuja mlangoni.

"Mnagombana au mnatengeneza?"

"Vyote, mama," alisema mshonaji.

Kaka alitoka uvunguni, akasimama na mikono yake myeusi kwa grisi, hajui aiweke wapi. Mama hakungoja aoshe. Alimshika kiwiko, akaegemea, akamwambia, "Nipeleke kwenye kiti, nimechoka kusimama." Wakatembea hatua chache zile, polepole mno. Alipomkalisha, alibaki amechuchumaa mbele yake muda mrefu. Ndipo akarudi chini kukaza bolti.

Usiku alilala sebuleni na viatu miguuni. Asubuhi akamaliza upande wa pili bila kuongea sana, akaondoka. Hakuapa kitu. Alisema tu, "Kesho mpeleke wewe. Kliniki ya wiki inayofuata nitampeleka mimi. Wewe ulale."

Jumatatu mshonaji mwenyewe alimpeleka mama. Yale mashimo yalikuwa palepale, lakini gari liliyapita kwa mguno mdogo. Alipogeuka kumuuliza kama anaumia, mama alikuwa amesinzia, mdomo wazi, mikono mapajani. Mbele ya kliniki alizima injini, asimwamshe. Foleni ilikuwa bado ndefu. Akalaza kiti chake nyuma, akasema afumbe macho kidogo tu, na usingizi ukamchukua yeye pia.