Sabuni ya Picha

Robi alikuwa ametwanga majani ya mpapai tangu alfajiri, na bado shati la mumewe Heche lilikuwa na ukoko wa jasho shingoni. Alilisugua juu ya jiwe, akalinusa, akalitumbukiza tena kijitoni. Majani yalitoa povu kidogo la kijani, kama mate ya ng'ombe anayecheua, kisha likafa. Miezi minne sasa duka la ushirika la kijiji lilikuwa halijauza sabuni. Ya magendo ilikuwepo Sirari, mpakani, lakini jirani yake mmoja aliyekamatwa na vipande viwili alilala mahabusu siku sita, na aliporudi hakutaka kusema na mtu.

Kezia, kitindamimba wake, alikaa kwenye nyasi akijikuna. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Upele ulikuwa umemjaa katikati ya vidole, makwapani, matakoni. Ulitunga usaha, ukapasuka, ukagandana na nguo, na kila asubuhi Robi aliibandua nguo hiyo kwa maji ya uvuguvugu huku mtoto akipiga kelele. Mganga wa zahanati aliutazama akiwa amesimama mlangoni.

"Dawa hakuna, mama," alisema. "Mwogeshe kwa sabuni kila siku."

Robi alimfunga mtoto mgongoni, akaondoka.

Leo walikuwa wanakwenda kupigwa picha. Habari hiyo ililetwa juzi na Kornelio, katibu wa kata. Ilitakiwa picha ya familia ya wanakijiji ikipumzika ufukoni, ipelekwe maonyesho ya Saba Saba Musoma, watu waone jinsi mkulima anavyoishi. Heche alichaguliwa kwa sababu ya urefu wake, na kwa sababu meno yake yote yalikuwepo. Robi hakumjua mkulima anayepumzika ufukoni mwezi wa sita, pamba ikiwa imepasuka shambani na hakuna wa kuichuma. Lakini alikubali, kwa jambo moja tu: mpiga picha angewaachia nakala. Mtoto wake wa kwanza alikufa kwa surua miaka mitano nyuma, na siku hizi akijaribu kuikumbuka sura yake anapata sikio tu, na kovu dogo juu ya jicho. Sura yenyewe haiji. Hao watatu waliobaki alitaka wawe kwenye karatasi, wote.

Saa mbili Robi, Heche na watoto wao watatu, Verdiana, Joram na Kezia, walikuwa mbele ya duka. Felista, muuza duka, alifungua kufuli. Rafu za mbele zilikuwa kama Robi alivyozizoea: tupu, na buibui. Felista akapita nyuma ya kaunta, akafungua mlango wa stoo ambao Robi alidhani ni wa kutokea nje.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Sabuni. Miche ya sabuni katika makatoni yaliyopangana mpaka darini, na pembeni doti za khanga, na malapa, na magunia ya sukari. Robi alisimama kizingitini, kama mtu aliyeinua mfuniko wa chungu akakuta panya.

"Mama Verdiana, funga mdomo," Felista alisema kwa sauti ya chini. "Hivi vimeletwa kwa kazi maalum."

"Kazi gani, Felista? Jumanne nilikuja na mtoto ukamwona. Ukaniambia hakuna."

"Niliambiwa niseme hakuna." Akamtupia khanga mpya, na shati jeupe kwa ajili ya Heche. "Jioni vinarudi. Msivichafue."

Shati alilolifua tangu alfajiri Robi alilikunja, lingali bichi, akaliweka kwenye kikapu.

Kornelio alifika na Land Rover, amejipaka marashi mengi, kijiti cha kuchokonolea meno kikiwa mdomoni ingawa ilikuwa asubuhi. Mpiga picha alikuwa naye, kijana mwembamba wa Musoma aitwaye Nikolaus. Verdiana na mdogo wake Joram walimwamkia katibu shikamoo. Hakuitikia. Aliwageuza kwa bega, akawafungua midomo, akawatazama magoti, kama mnunuzi mnadani.

"Hawa wanafaa wakipakwa mafuta." Akamfikia Kezia mgongoni kwa mama yake, akarudi nyuma hatua mbili. "Ebo! Hiki nini? Huyu hapigwi picha."

"Ni mwanangu, Ndugu Katibu."

"Najua ni mwanao. Picha hii inakwenda kwa wakubwa, wewe unataka kuwapelekea usaha? Nimekuja na mwanangu, atakaa mahali pake." Alionyesha kiti cha mbele cha gari, alikokaa mtoto mnene wa miaka mitatu, soksi nyeupe mpaka magotini.

Robi alimgeukia mumewe. Heche alikuwa anafunga vifungo vya shati jipya, polepole sana, kama mtu anayevihesabu.

"Mama Verdiana, atabaki kwa jirani," Heche alisema bila kuinua macho. "Ni picha tu."

"Ananyonya. Simwachi."

"Basi mlete," Kornelio alisema, "lakini asionekane."

Walipanda nyuma pamoja na Felista, wakakaa juu ya tairi la akiba. Ziwani walikuta wanamgambo wameshatangulia. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa walifukuzwa mpaka kwenye mawe, na dagaa zao zikafagiliwa pamoja na mchanga, zikawa rundo moja linalonuka juani. Katibu alitaka ufuko safi. Mahali pale palitandikwa mkeka mpya, na juu yake kuku wa kukaanga, mkate, chupa nne za soda.

Joram aliunyoosha mkono. Kornelio akaupiga kofi.

"Hiyo ni ya picha!"

Nikolaus alitazama pembeni, akaanza kupangusa lenzi ambayo haikuwa na vumbi.

Felista alimpa Robi mche mmoja wa sabuni. "Kaoge pale nyuma ya mawe, uwaogeshe na watoto wakubwa. Kitakachobaki nirudishie."

Robi aliwaogesha Verdiana na Joram haraka, akawatuma mkekani. Kisha akaivua ile khanga mpya, akaitundika juu ya jiwe, akabaki na gauni lake lililofifia. Akaingia majini mpaka magotini, akamfungua Kezia mgongoni, akaanza.

Alimpaka povu kuanzia utosini. Alipofika kwenye vidole mtoto alilia, naye akamwimbia kwa Kikurya bila kuacha kusugua. Vigaga vililainika, vikang'oka kimoja kimoja, vikaelea majini pamoja na damu kidogo. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu kama nyama. Akamsuuza, akampaka tena. Mara ya pili, mara ya tatu. Wanawake wa dagaa walimtazama kutoka kwenye mawe. Wawili kati yao walikuwa na watoto mgongoni, nao wanajikuna.

"Mama," mmoja aliita. "Hiyo sabuni mmeipata wapi?"

"Dukani kwetu," Robi alisema. "Ipo tele. Njooni."

Walishuka. Robi aliukata mche kwa uzi wa gauni lake, akawapa nusu.

"Wewe mwanamke!" Kornelio alikuwa amesimama ukingoni, viatu vyake vimeanza kulowa. "Tunakungoja! Na hiyo sabuni ni mali ya kijiji!"

"Na huyu ni mtoto wa kijiji gani?" Robi alimwinua Kezia juu, uchi, povu likimtiririka. "Hebu mtazame, Ndugu Katibu. Mtazame vizuri. Zahanati imesema sabuni."

Kornelio aligeuza uso, akaziba pua kwa kitambaa.

"Toka huko uje ukae kwenye mkeka."

"Nitakuja na huyu."

"Hutakuja na huyo."

"Basi siji."

Kornelio alitema kijiti chake, akaichukua khanga juu ya jiwe.

"Felista! Jifunge hii. Kaa pale karibu na huyo bwana."

Felista alisita. Kisha akajifunga, akakaa na mtoto wa katibu mapajani. Heche aliinuka nusu, magoti yakiwa yamekunjwa, akatazama kule majini. Robi alimwona. Alimngoja. Kornelio alisema neno moja tu kwa sauti ya kawaida, "Kaa," na Heche akakaa.

"Watoto, mwegemeeni mama," alisema Nikolaus. "Tazameni huku. Chekeni kidogo."

Joram alicheka kwa sababu kuku alikuwa karibu. Verdiana hakucheka. Picha zikapigwa sita.

Baadaye vitu vilipakiwa. Felista alikunja khanga na shati jeupe, akadai sabuni. Wanawake wanne na Robi walimwonyesha viganja vyao vyeupe kwa povu. Kuku aliliwa ndani ya gari, milango ikiwa imefungwa, kisha gari likaondoka bila wao. Mpaka nyumbani zilikuwa maili saba.

Heche alikuja ukingoni amevaa shati lake bichi.

"Angeniandika mkaidi, Robi. Wangetunyang'anya shamba. Unamjua."

"Namjua," Robi alisema. "Mshike mtoto nikamue gauni."

Heche alimpokea Kezia kwa mikono miwili. Verdiana alisogea karibu na mama yake.

"Mama, mpiga picha aliniuliza jina la mama yangu, ayaandike majina chini ya picha."

"Ukamwambia nani?"

"Nikamwambia Robi. Katibu akasema, mwandike Felista hivyo hivyo, inatosha."

"Na Kezia?"

"Nilimtaja. Katibu akasema pale pana watoto watatu tayari, mpe huyu wangu hilo jina."

Robi aliacha kukamua. Maji yalimdondoka vidoleni. Aliitazama barabara, vumbi la gari likiwa bado limesimama hewani, na harufu ya dagaa zilizoharibika ikamjaa kinywani. Akaenda mpaka pale ulipokuwa mkeka, akainama, akatapika mchangani.