Hamsini na Nane kwa Mia

Kufikia saa tano, Wellars alikuwa ameketi na kusimama mara sita kwenye benchi la ofisi ya mfuko wa pensheni wa kiwanda cha sabuni. Kule Mahoko, Bizumuremyi, mwenye kiwanja, aliahidi kumshikia hadi saa sita, si zaidi. Mfanyabiashara wa Goma alikitaka na alikuwa na pesa mkononi. Na nyumba aliyopanga hapa Gisenyi ilibidi aihame kabla ya mwezi kwisha.

Karani Ndayisaba, mzaliwa wa Tanzania aliyerejea baada ya vita, alimwita kwa shikamoo. Wellars aliitikia upesi, akauliza hundi yake iko wapi.

"Mzee wangu, hakuna hundi. Katika kila mia mnayodai, mfuko una hamsini na nane tu. Ukishuka chini ya sitini, kanuni inakataza kulipa kwa mkupuo. Utapokea kila mwezi, maisha yako yote."

"Kila mwezi franga ngapi?"

Ndayisaba alimwonyesha kwa ncha ya kalamu. Ilitosha chumvi, maharage na mafuta ya taa.

"Na mukurugenzi? Na comptable? Bale walipata yote. Mi niliona camion ikishusha matofali ya nyumba zao."

Karani alipanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Alisema mkurugenzi na mhasibu walichukua mwezi wa pili, kabla ya wakaguzi kuhesabu. Kanuni ilianza mwezi wa tatu. Akauliza kwa nini mzee hakuomba siku zile, maana faili lake lilikuwa tayari tangu Krismasi.

Kwa sababu mkurugenzi alimwomba abaki hadi Pasaka amfundishe Callixte, atakayeshika kazi yake. Sabuni inayochemka hupimwa kwa ulimi: ikikuchoma, magadi yamezidi, ikitulia, mimina. Callixte alivuta sigara mno, ulimi wake haukusikia kitu. Basi Wellars alionja kwa niaba ya wawili, majuma kumi, akijivuna kwamba bila yeye kiwanda kingesimama.

"Nilibaki kuwasaidia," alisema.

Ndayisaba alimsogezea fomu. Bila hiyo, alisema, hata ya mwezi huu haitatoka. Wellars alisoma kwa Kifaransa chake cha shule ya Nyundo, kidole kikitembea mstari kwa mstari. Huko nje kengele ya saa sita ililia. Kidole kilisimama, kikaendelea. Chini kabisa paliandikwa kwamba yeye amechagua kulipwa kila mwezi, kwa hiari yake.

Akaomba rula. Karani akampa, akidhani mzee anataka kunyoosha saini. Wellars akaikandamiza kwenye karatasi, akakata neno la kuchagua kwa mstari mnene, akakata na la hiari, kisha akatia saini.

"Mzee, umeiharibu. Kigali wataikataa."

"Leta ingine."

Ndayisaba akatoa nyingine, akanyoosha mkono apewe rula yake. Wellars hakuirudisha, akailaza kwenye mstari ule ule wa fomu mpya.